Mjadala: Je, cheo cha Fildi Mashali cha wapiganaji wa Mau Mau kitambuliwe rasmi?

Mwanzisha Mada: Ndugu zangu, tangu Muthoni wa Kirima atutoke Septemba 2023, swali moja halinipi usingizi. Jeshi la Kenya halina cheo kinachozidi Jenerali, lakini Dedan Kimathi, Musa Mwariama na Muthoni, viongozi wa Mau Mau waliopigana msituni dhidi ya Waingereza, sote tunawaita Fildi Mashali. Je, serikali iwaingize rasmi katika orodha ya makamanda wa taifa? Mimi nasema iwaingize, kwa sababu bila vita vyao jeshi hilo lisingekuwa na nchi huru ya kulinda.

Askari Mstaafu: Kwa heshima zote, cheo hutolewa na mamlaka halali. Nilivaa magwanda miaka 22, na kila cheo nilichovishwa begani kilikuja na barua. Anayejivika mwenyewe hana tofauti na Idi Amin wa Uganda, aliyejiita Fildi Mashali mwaka 1975.

Mjukuu wa Nyeri: Mzee, hapo kwa Amin umenichoma. Amin alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni, Keya kama walivyowaita wazee wetu, na aliletwa Kenya kupambana na hao hao Mau Mau. Unamlinganishaje mwindaji na aliyewindwa? Muthoni alikaa msituni mpaka baada ya Uhuru wa Desemba 1963, na nywele alizofuga huko hazikuguswa na mkasi hadi Aprili 2022, Mama Ngina Kenyatta alipomnyoa. Mtu wa namna hiyo hakutafuta nishani za kujipamba kifuani.

Askari Mstaafu: Mwanangu, sikulinganisha watu, nililinganisha njia ya kupata cheo. Hata Amin alipandishwa kihalali hadi Meja Jenerali chini ya Rais Obote. Kilichoharibika ni vyeo alivyojipa baada ya mapinduzi ya 1971.

Binti wa Pwani: Mmemng'ang'ania Amin, na Baimungi hamjamtaja. Naye aliitwa Fildi Mashali. Alikataa kuweka silaha chini kwa sababu wapiganaji hawakupewa ardhi, na mwaka 1965 akauawa na serikali ya nchi iliyokwisha kuwa huru. Mau Mau yenyewe ilibaki marufuku kisheria hadi 2003. Sasa hiyo barua unayoidai, Mzee, ingetoka kwa nani?

Mjukuu wa Nyeri: Ahsante, dada. Nendeni Nairobi mkaitazame sanamu ya Kimathi, bunduki mkono mmoja na jambia mkono mwingine. Ilizinduliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Waingereza wamnyonge pale gereza la Kamiti, ilhali familia yake haijawahi kukabidhiwa mwili ikauzika. Hicho cheo kitachongwa kwenye kaburi lipi?

Mwanzisha Mada: Nakiri kwamba sikuanzia hapo, na pengine ndipo nilipopaswa kuanzia.

Askari Mstaafu: Kwa hilo la kaburi niko pamoja nanyi. Askari hatupwi kama mzoga, awe wa jeshi lipi. Andikeni ombi nami nitatia sahihi. Kuhusu cheo, sijabadili msimamo.