Eti "herufi haramu"! Jina langu limekuwa haramu tangu lini?

Mng'oa_Visiki: Wakuu, ile programu ya kuchati (mnaijua, nikiitaja nitatukana) leo imenivua nguo hadharani.

Nilijisajili kwa simu, jina likapita. Kundini nikatokea hivi: Mngâ€™oa_Visiki. Watu mia mbili wanauliza hiyo yuro ya katikati nimeiokota wapi. Nikameza. Leo naingia kwa kompyuta, jina lilelile, naambiwa kwa maandishi mekundu: JINA LAKO LINA HERUFI HARAMU. Haramu! Utadhani nimeficha chupa ya pombe kati ya g na o!

Nawaandikia wahusika, wananijibu "ondoa alama hiyo". Niondoe vipi? Ng'oa ni kung'oa, ngoa ni wivu. Mimi nang'oa visiki, sivionei wivu. HARAMU, jamani. Kwa wekundu.

Fundi_Bubu: Mkuu, ritifaa (hiyo alama ya ng') ziko mbili. Ya kompyuta imenyooka, namba yake kwenye orodha ya herufi za kompyuta ni U+0027, nayo ndiyo hufunga maneno kwenye SQL (lugha ya hifadhidata), kwa hiyo mtengenezaji mvivu anaipiga marufuku badala ya kuishughulikia. Simu imekuwekea iliyopinda, U+2019. Hiyo kwenye UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi) ni baiti 3, yaani vipande vitatu, na ukizisoma kwa Windows-1252, mfumo mwingine wa zamani, kila kipande kinageuka herufi yake: unapata â, €, ™. Ndiyo yuro yako hiyo.

Shangazi_Mkali: Kwa hiyo jina la mtu lina alama ya biashara ndani? Tajiri huyu, anatulilia nini?

Mng'oa_Visiki: Cheka tu. Wewe hujaitwa haramu.

_Kimya_: Afadhali wewe. Mimi nikitajwa kule, vistari vyangu vya pembeni vinadhaniwa ni amri ya kulaza maandishi, vinamezwa na jina linalala mlazo kama mgonjwa. Miaka miwili sasa.

Koti_la_Mvua: Kwetu kuna mtu kajisajili kwa jina la admini wetu, ila "a" moja kaweka ya Kirusi. Kwa macho ni yuleyule. Hiyo ikapita bila swali! Akaomba hela, watu wakatuma.

Shangazi_Mkali: Na wewe ulituma?

Koti_la_Mvua: Tusiende huko.

Shangazi_Mkali: KATUMA HUYU 😂😂

Mng'oa_Visiki: Jamani, haramu yangu je?

_Kimya_: Koti, ulituma ngapi?