Fundi wa vigae anatishia kuweka lieni kwenye nyumba. Nimlipe au ninyamaze?

Mama Zuri: Wakuu, habari zenu. Tumemaliza kukarabati jiko na bafu, mkandarasi tumeshamlipa. Sasa fundi wa vigae aliyeletwa na mkandarasi anasema hajalipwa dola 6,800, nisipompa kufikia Ijumaa ataweka lieni, yaani atasajili deni lake juu ya nyumba yetu. Nimlipe yaishe, nitafute wakili, au ninyamaze?

Mzee wa Mbeya: Uko jimbo gani? Kazi imeisha lini? Mkandarasi umemlipa yote? Bila hayo tunapiga ramli.

Mama Zuri: California. Iliisha mwezi uliopita. Kuna 4,000 tumezishikilia mpaka amalizie kabati.

Mzee wa Mbeya: Kumbe hujamlipa yote! Hizo usimpe peke yake. Andika hundi yenye majina mawili, lake na la fundi, na fundi asaini hati ya kuachia lieni.

Kiboko ya Bafu: Mimi nasema nyamaza. Alikupa notisi ya awali, ile barua ya kukujulisha kwamba anaweza kudai lieni? Fundi asiye na mkataba na wewe anatakiwa kuituma ndani ya siku 20 tangu aanze kazi. Akichelewa, inagusa tu kazi ya kuanzia siku 20 kabla ya kuituma.

Mama Zuri: Ilikuja barua ya rejista, baba watoto aliiweka mahali.

Binti Kisauni: Itafute leo, dada. Sisi tulimlipa fundi umeme taslimu mlangoni, tukapeana mikono, basi. Kumbe nyaya alizikopa dukani, na duka nalo lilikuwa limetuma notisi yake. Likasajili lieni kaunti. Tukaja kujua tulipotaka kubadilisha mkopo wa nyumba, benki ikagoma. Duka halikufungua kesi ndani ya siku 90, kwa hiyo lieni ilikuwa imekufa, lakini jina letu bado liko kwenye rekodi! Ikabidi tuombe mahakama iifute, na wakili si wa bure.

Houston254: Huku Texas mwenye nyumba anashikilia asilimia 10 kwa siku 30 baada ya kazi kuisha. Fundi ana pa kushika.

Kiboko ya Bafu: Yuko California, mkuu. Huko fundi ana siku 90 tangu kazi iishe kusajili, au 30 kama mwenye nyumba amesajili notisi ya kumaliza kazi. Na kama hana leseni, hadai kitu mahakamani.

Houston254: Mtu ametoa jasho kwenye bafu lako, unakimbilia leseni?

Kiboko ya Bafu: Jasho lake akalidai kwa aliyemwajiri. Mama Zuri alipe mara mbili?

Mzee wa Mbeya: Acheni ubishi. Mkandarasi ana dhamana ya leseni ya dola 25,000. Mshitaki CSLB, bodi ya leseni za wakandarasi ya California, uone kama hatapokea simu yako.

Mama Zuri: Kabati je? Nikimpa hizo 4,000 fundi, nani atalimalizia?

Asha wa Sacramento: Samahani kuingilia. Vigae vyenyewe vimekaa sawa? Natafuta fundi.

Mama Zuri: Vimenyooka, shida hamna. Njoo inbox.