Besdei kwa tithi (siku ya mwezi ya Kihindu): mama mkwe anataka Agosti, pasipoti inasema Septemba

Kutoka: Mtanga wa Leicester
Jumapili, 10 Agosti 2025

Wapendwa, habari za wikiendi.

Mimi mtu wa Tanga, mume wangu Mgujarati wa Dar es Salaam, kwao Kisutu. Binti yetu alizaliwa Dar, Alhamisi asubuhi, 17 Septemba 2015. Siku hiyo ilikuwa Ganesh Chaturthi, sikukuu ya Kihindu ya mungu Ganesh, na wakwe walifika wodini na ladu, vile vitamu vya mviringo, mkononi. Tangu tuhamie huku Uingereza tumekuwa tukimfanyia sherehe tarehe 17 au Jumamosi ya karibu, na mama mkwe alikuwa akipiga simu kutoka Dar siku anayoijua yeye. Nilidhani anasahau tarehe. Nikawa namsamehe kimoyomoyo.

Mwaka huu yuko kwetu, na mtoto anatimiza miaka 10. Nimeshalipia ukumbi Jumamosi ya 20 Septemba. Jana, sikukuu ya Raksha Bandhan, binti akimfunga kaka yake rakhi, ule uzi wa mkononi, mama mkwe akasema kwa upole kabisa: "Siku yake ni tarehe 27 mwezi huu. Na hiyo ya Septemba msifanye." Nikamuuliza kwa nini. "Shraddh," akanijibu, akaingia jikoni. Baba watoto akawa bubu ghafla.

Tarehe 27 Agosti rafiki zake wamesafiri. Na kadi nimeshachapisha! Naombeni mnieleweshe: hiyo siku inahamahama vipi, na je, hapa nina haki ya kubishana?

Kutoka: Bibi wa Wembley
Jumapili, 10 Agosti 2025

Mwanangu, mimi Mgujarati mzaliwa wa Mombasa, niko huku tangu miaka ya sabini, na kuhusu 20 Septemba mkweo ana haki. Wewe huna kosa, ila ana haki.

Mwezi wetu una tithi 30. Tithi si siku ya saa 24. Ni muda ambao mwezi unaliacha jua kwa nyuzi 12, na kwa kuwa mwendo wa mwezi hubadilika, tithi moja huchukua saa 19 hivi na nyingine hufika 26. Kumi na tano za mwanzo, mwezi ukikua, tunaziita sud. Kumi na tano za mwisho, ukipungua, ni vad. Binti yako ni wa Bhadarva sud choth, yaani tithi ya nne ya mwezi unaokua katika mwezi wetu wa Bhadarvo. Hiyo ndiyo siku yake, na ndiyo siku ya Ganesh, kwa hiyo hata ukipoteza cheti huwezi kuisahau.

Miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354, basi kila mwaka siku yake inarudi nyuma kama siku 11. 2016 ilikuwa 5 Septemba, 2017 ikawa 25 Agosti. Ingeendelea hivyo tungefika Julai, ila kila baada ya miaka miwili na kitu unaongezwa mwezi mzima, adhik mas, ndiyo maana 2018 iliruka mbele hadi 13 Septemba. 2023 tuliongezewa mwezi wa Shravan, choth ikaja 19 Septemba. Mwaka huu ni 27 Agosti. Haipotei, inatembea tu ndani ya uwanja wake.

Sasa Shraddh. Ni siku za kuwakumbuka marehemu wetu: tunawapikia, tunawaombea. Watu hawaoi, hawahamii nyumba mpya, wengi hata nguo mpya hawanunui. Mwaka huu inaanza tarehe 7 Septemba hivi na kuisha tarehe 21. Jumamosi yako imo humo. Na hata ungetaka kufanya tarehe 17 yenyewe, siku hiyo ni agiyaras, tithi ya kumi na moja, ya kufunga, mkweo hali nafaka wala kunde. Keki ya ngano angeitazama tu.

Lakini ona: Shraddh huja katika vad ya Bhadarvo uleule, mwezi ukishapevuka. Mtoto wako ni wa sud. Kwa tithi, siku yake haiwezi kukutana na Shraddh hata siku moja, maana zote mbili zinasogea pamoja. Ni tarehe ya Kizungu inayoingia humo, kwa sababu yenyewe imesimama.

Sikukuu yetu ya Navratri inaanza 22 Septemba. Ukisogeza ukumbi hadi Jumamosi ya 27, hakuna atakayenuna. Ila fanyeni mchana, usiku ni ngoma ya garba.

Kutoka: Mwenzenu wa Toronto
Jumatatu, 11 Agosti 2025

Shikamoo Bibi. Naongeza kidogo, maana jambo hili limeniumbua mwaka juzi.

Msichukue tarehe kwenye kalenda ya ukutani iliyoletwa kutoka India, wala kwenye ujumbe wa binamu wa Rajkot. Tithi huanza na kuisha kwa wakati mmoja duniani kote, lakini siku hupewa tithi ile inayokutwa jua linapochomoza pale ulipo wewe. Nyumbani pwani tumezoea kwamba magharibi ikiingia siku imeshageuka, Alhamisi jioni ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa Wahindu siku hufunguka na jua, kama saa zetu za Kiswahili zinavyoanza kuhesabiwa.

Mfano ni hii hii choth. Kwa saa za India inaanza Jumanne 26 Agosti saa 7 na dakika 54 mchana, inaisha Jumatano saa 9 na dakika 44 alasiri. Leicester hiyo ni Jumanne saa 3:24 asubuhi hadi Jumatano saa 5:14 asubuhi. Jua la Jumatano likitoka bado choth ipo, basi mama mkwe yuko sawa, ni tarehe 27. Ila huku Toronto inaisha Jumatano saa 12:14 asubuhi, jua likiwa bado halijatoka. Kwetu choth ni Jumanne tarehe 26! Mtoto yuleyule, angekuwa huku, siku yake ingekuja jana yake.

Mimi natumia Drik Panchang, kalenda ya Kihindu ya mtandaoni, ila lazima uiwekee mji wako. Nilikaa miaka miwili nikiisoma ikiwa bado imesimama New Delhi.

Pia, kama una mtoto wa vad, angalia wakwe ni wa wapi. Gujarat mwezi wa kalenda huisha usiku wa giza, kaskazini mwa India huisha mwezi ukipevuka, kwa hiyo nusu ya vad hubeba majina mawili. Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa Krishna, kwa Wagujarati ni Shravan vad 8, kwa watu wa kaskazini ni ya Bhadrapad, yaani Bhadarvo, na siku ni moja. Kwa sud hakuna tatizo.

Kutoka: Mzanzibari wa Maskati
Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mimi Mwislamu, tithi siijui, lakini nimecheka peke yangu ofisini. Kumbe na wenzetu wanagombania mwandamo! Babu yangu hakuwahi kujua tarehe yake ya Kizungu, alijua tu kazaliwa Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Sisi hatuongezi mwezi, kwa hiyo siku yake ilizunguka mwaka mzima, mara masika, mara kipupwe.

Wahindi ninaofanya nao kazi hapa huomba dua zao alfajiri ya siku yenyewe kabla ya kazi, keki wanaisogeza Alhamisi usiku kwa sababu wikiendi yetu ni Ijumaa na Jumamosi. Sijaona aliyekosana na mkwewe.

Kutoka: Mtanga wa Leicester
Alhamisi, 28 Agosti 2025

Shikamoo Bibi, na asanteni nyote. Narudisha majibu.

Ukumbi wamekubali kusogeza hadi 27 Septemba, wameniongezea pauni 15. Kadi nimechapisha upya.

Jana yenyewe nilikuwa nimejiandaa kwa mambo makubwa. Nilimuuliza mama mkwe nialike watu wangapi, akanishangaa. Hakutaka mtu. Alitaka mtoto aamshwe mapema, aogeshwe, avae nguo safi. Akawasha taa ya samli, akampaka alama ya chandlo kwenye paji la uso na kubandika punje za mchele juu yake, mtoto akamgusa miguu, basi. Nusu saa haikufika. Nikaleta mshumaa wa kupuliza, akanishika mkono: kwao siku kama hiyo moto huwashwa, hauzimwi. Sikubishana. Nimeambiwa tarehe 27 Septemba nipulizishe mishumaa yote ninayotaka, yeye atakuwa jikoni.

Halafu akaniita tukapika wote churma ladu, unga wa ngano uliokandwa kwa samli, ukakaangwa, ukapondwa, ukachanganywa na sukari guru. Tulipokuwa tunafinyanga akaniambia miaka yote hiyo, simu zake za Agosti na Septemba, alikuwa anapiga alfajiri baada ya kumwashia mjukuu taa kule Kisutu. Nami nilikuwa napokea nikijisemea, masikini, kachanganya tarehe tena.

Binti kauliza kama sasa ana haki ya zawadi mbili. Baba yake bado bubu.

Mwakani Ganesh Chaturthi ni 14 Septemba, Jumatatu, na Shraddh inakuja baadaye, kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 19 iko huru. Nimeshaiandika kwenye friji.

Ladu zimebaki 14. Mlio karibu na Belgrave Road, niandikieni kabla ya kesho jioni.