Je, kijana anayelazimishwa kwenda Misa shuleni anajengwa kiimani?

Mzazi, Morogoro
Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu yuko kidato cha pili katika shule ya bweni ya wavulana inayomilikiwa na Kanisa Katoliki. Masomo yake yanakwenda vizuri, lakini likizo hii amekataa kwenda nasi Misa ya Jumapili. Anasema shuleni majina huitwa mlangoni mwa kanisa kila alfajiri, na anayekosa hupewa adhabu ya kufyeka nyasi. Kikao cha wazazi kinakaribia, nami ningependa kuuliza kuhusu malezi ya kiroho bila kuonekana kwamba ninapinga sala. Kanisa lenyewe linatarajia nini kutoka kwa shule zake?

Mwalimu wa dini, Songea
Milele Amina. Mama, swali lako ni la haki. Kwanza tutenganishe shule na seminari ndogo. Seminari hulea vijana wanaopima wito wa upadri, na Misa ya kila siku ni sehemu ya malezi hayo. Shule ya kawaida hupokea watoto wa kila aina, mara nyingi wakiwamo Walutheri na Waislamu, hivyo haiwezi kuiga ratiba ya seminari kana kwamba kila mvulana ameomba kuwa padri. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, kuhusu malezi ya Kikristo, lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965, linataka shule Katoliki ihuishwe na roho ya Injili ya uhuru na upendo. Kuweka Misa kwenye ratiba si kosa. Kosa ni kuifungamanisha na fyekeo, kwa sababu kijana ataihesabu ibada kuwa mojawapo ya adhabu.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaliulizi ni kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padri. Kanuni ya 985 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamtaka gombera, yaani padri mkuu wa seminari, au mkuu wa taasisi nyingine ya malezi, asiwaungamishe wanafunzi wanaoishi humo, isipokuwa wao wenyewe wameomba kwa hiari katika nafasi za pekee. Mwenye mamlaka ya kumfukuza mvulana shule hapaswi kuwa ndiye anayesikiliza dhambi zake. Kwa hiyo, uliza kama padri wa parokia jirani huja kuungamisha, na huja mara ngapi. Jibu utakalopewa litakueleza mengi zaidi kuliko idadi ya Misa.

Mhitimu, Mwanza
Nakubaliana na mwalimu, ila niongeze upande wa wavulana. Kilichonishika mimi si vipindi vya dini, ambavyo tulivisoma kama somo lolote la mtihani, bali TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki Tanzania, ambako tuliongoza wenyewe. Tulifuata njia ya kuona, kuamua na kutenda, ile aliyoieneza padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji kati ya vijana wafanyakazi. Tuliona jinsi wadogo wa kidato cha kwanza walivyonyanyaswa bwenini, tukasoma Injili kwa ajili ya jambo hilo, kisha tukawaendea wanyanyasaji, ambao baadhi yao walikuwa rafiki zetu. Mlezi wetu alikaa nyuma akisikiliza. Mama, uliza pia kama wavulana hao wana chama chao, na ni nani anayekiongoza.

Mzazi, Morogoro
Asanteni sana. Na hapa nyumbani, nimlazimishe?

Mwalimu wa dini, Songea
Wajibu wa Misa ya Jumapili uko palepale, na anayefaa zaidi kumweleza ni baba yake, kwa utulivu, wakiwa wawili tu. Msimshitaki kwa paroko. Jumuiya yenu itakaposali nyumbani kwenu, mwombeni asome somo na aseme alivyolielewa, hata kama atasema kwamba hakubaliani nalo. Wazee wamsikilize mpaka amalize.