Nywele ndefu, mkono mmoja: kibanio, mpira wa ndoano, kijiti au kitambaa?

Zuhura_K
Wapendwa habari zenu. Nimevunjika mkono wa kulia, umefungwa hogo (plasta ngumu) hadi juu ya kiwiko, na wa kushoto ndio umebaki kufanya kila kitu. Nywele zangu ni za asili, nyingi, nikizinyoosha zinafika katikati ya mgongo. Mume wangu ana nia njema lakini mikono yake si ya kazi hiyo, na kumsubiri mtu kila asubuhi kumenichosha.

Ninalinganisha haya: kibanio kikubwa cha meno, ule mpira wenye ndoano pande mbili, kijiti cha nywele, kitambaa, au nikasukwe kabisa. Naomba majibu ya aliyefanya kwa mkono mmoja kweli, siyo aliyeona kwenye video. Na kukata sikati.

Kinyozi_Hodari
Mashine namba moja, dakika tano, umemaliza. Hata chanuo hutahitaji.

Zuhura_K
Kaka, sentensi ya mwisho uliiruka au?

Shoto
Pole sana dada. Mimi nimezaliwa na mkono mmoja, huo wa kushoto, na nywele zangu zinavuka mabega. Kwa hiyo sijui hata kubana kwa mikono miwili kukoje.

Kila anayeanza anauliza kifaa, wakati kufunga siyo sehemu ngumu. Ngumu ni kuzishika nywele zisitawanyike pale mkono unapokwenda kuchukua hicho kifaa. Mwenye mikono miwili hata halioni hilo. Wewe tafuta kitu kingine kikushikie, na kilicho karibu zaidi ni ukuta. Simama uupe mgongo, kusanya nywele nyuma, zisokote zote upande mmoja mpaka zianze kujikunja zenyewe, zipandishe juu kwa kuzilaza kisogoni, kisha egemeza kichwa. Ukuta umezishika. Mkono uko huru. Kiti chenye mgongo mrefu nacho kinafaa.

Sasa kibanio kiwe kimeshakaa karibu. Mimi nakibana kwenye kola ya nguo, upande wa mkono unaofanya kazi, ili nisipapase mezani. Nakichukua, nasogeza kichwa mbele kidogo tu huku kiganja kikiwa bado kimekandamiza msokoto, nafungua kwa kidole gumba na cha shahada, nakiteremsha. Meno ya upande mmoja yashike nywele za kichwani, ya upande wa pili yashike msokoto wenyewe. Kikishika msokoto peke yake kinaning'inia, na ukiinama kufunga kiatu kinaanguka.

Kabla ya kununua, kifungue na kukifunga mara nyingi kwa mkono wa kushoto palepale dukani. Vingine springi yake ni ngumu mno kwa mkono usiozoea.

Mama_Mapacha
Mkono mmoja siku zote una mtoto, kwa hiyo nahesabika 😂

Kura yangu ni kijiti. Ninasokota, nazungusha fundo, nachoma kijiti ukingoni mwa fundo kikamate nywele chache za nje, nakigeuza kielekee upande wa pili, nakisukuma chini kikiwa kimelala juu ya ngozi ya kichwa mpaka kitokeze ng'ambo. Hakina springi wala mpira, na hakikati nywele.

Shoto
Mama Mapacha, hapo kwenye kugeuza kijiti, fundo linashikwa na nani?

Mama_Mapacha
Na vidole viwili vya mwisho vya mkono uleule. Kubali tu kwamba ni mazoezi. Siku za kwanza lilikuwa linafumuka kila nikifika kwenye kugeuza.

Msusi_wa_Zamani
Nyote mko sawa, mnachosahau ni aina ya nywele. Nywele laini zinazoteleza, au zilizotiwa dawa, zinafumuka ukiziachia tu, kwa hiyo mwenye nazo aende kwenye kibanio, tena chenye mpira ndani ya meno. Za asili zilizojikunja zinakamatana zenyewe. Zuhura, ukizisokota vizuri ukazungusha fundo na kuchomeka ncha chini yake, litasimama bila kitu chochote kwa muda wa kutosha wewe kuchukua kijiti bila haraka. Kwa mkono mmoja, nywele ambazo watu wanazilalamikia kuwa ngumu ndizo zinazokusaidia.

Ule mpira wa ndoano ni mzuri kwa sababu hupitishi nywele katikati yake. Unachomeka ndoano moja ndani ya nywele kwenye shina la fundo, unauzungusha mpira mpaka uishe, unachomeka ya pili. Mpira wa kawaida lazima uutanue na kupitisha nywele zote, na hapo ndipo mkono mmoja unashindwa. Ila wenye nywele nyingi wachukue mrefu. Ule mfupi unazunguka mara moja tu halafu unaachia.

Kuhusu kusuka: ndiyo, lakini iwe mistari minene na isikazwe. Ukitoka kwa msusi huwezi kukunja uso, au unaona vipele vidogo kwenye mstari wa nywele mbele, amekaza. Hali hiyo ikirudiwarudiwa, nywele za pembeni zinakatika na mwishowe vishina vinakufa, hazioti tena. Na mwambie msusi mapema kwamba una hogo. Kukaa muda mrefu mkono ukining'inia ni adhabu, uwekewe mto.

Mwana_wa_Bi_Mkubwa
Naombeni kuingilia. Mama yangu amepata kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu. Ana mvi ndefu, hataki zikatwe na hataki mimi nizishike, anasema mtoto wa kiume hachani nywele za mama yake. Ukuta hawezi, akisimama anayumba. Afanyeje?

TibaKazi
Shikamoo kwa mama. Afanye akiwa amekaa, kwenye kiti imara, miguu yote miwili ikanyage chini, mezani mbele yake. Kiwiko cha mkono wenye nguvu akiegemeze juu ya meza, kisha ainamishe kichwa kuelekea kwenye mkono. Kunyanyua mkono juu ya kichwa kwa muda mrefu kunamchosha mtu kuliko kuchana kwenyewe. Brashi yenye mpini mrefu uliopinda husaidia kufika kisogoni.

Mkono dhaifu nao uwekwe mezani, usining'inie. Na wewe ukimsaidia kukaa sawa usimvute kwa mkono huo, bega la upande uliopooza hutoka mahali pake kwa urahisi.

Kwa nywele zenyewe ningependelea kitambaa cha mviringo, kile kilichoshonwa kama bomba, hakina ncha za kufunga. Anakivaa kwa kukipitisha kichwani mpaka shingoni, anatoa nywele zote nje, kisha anakivuta kutoka kidevuni kwenda juu ya paji la uso. Nywele zote zinarudi nyuma zenyewe. Hakuna fundo la kufunga wala la kufungua.

Zuhura, vidole vya mkono wenye hogo vikivimba sana, vikifa ganzi au kubadilika rangi, rudi hospitali siku hiyohiyo. Na usiutumie mkono huo kushikilia nywele eti kwa sababu vidole viko nje, mpaka daktari akuruhusu.

Mwana_wa_Bi_Mkubwa
Ahsante sana. Hicho kitambaa atakikubali, maana kitaonekana kama ameamua yeye.

Kinyozi_Hodari
Haya, mimi nitoe la maana sasa. Chukua kikombe cha plastiki, kata kitako, vika mpira wa nywele kwa nje karibu na mdomo. Inama nywele zining'inie, zipitishe ndani ya kikombe, kisukume mdomo ukae kichwani. Kwa kidole gumba sukuma mpira uteleze kutoka kwenye kikombe uingie kwenye nywele. Nambania binti yangu hivyo. Ncha ulipokata zilainishe zisikwangue.

Mama_Mapacha
Kumbe ulikuwa nayo muda wote unatuambia mashine namba moja!

Shoto
Ya kikombe inafanya kazi, ila fundo linakaa utosini. Kwa nywele nzito kama za Zuhura kichwa kitauma kufikia mchana.

Zuhura_K
Nimejaribu ya ukuta na kibanio. Mara ya kwanza kilinasa kola na nywele pamoja 😅 baadaye kikakaa. Nadhani naanza na kibanio, kijiti nitajifunzia Jumapili nisipokuwa na haraka. Kusuka nimeahirisha. Sasa kuosha na kuchambua je? Mkono mmoja unavuta chanuo, kichwa kizima kinafuata.

Shoto
Usichane kichwa kizima kwa pamoja. Gawa sehemu nne kwa vibanio vidogo, fungua moja tu, sokota nyingine ziache. Paka kondishena nyingi, kwa chupa ya kubonyeza juu, siyo ya kuminya wala ya kufungua kifuniko. Anza na vidole, kisha chanuo la meno mapana, kuanzia nchani ukipanda kidogokidogo. Ukiona kichwa kinavutwa, kaa, inama ulete nywele mbele, zibane kati ya mapaja juu ya fundo lililonasa, chana chini yake. Mvuto unaishia mapajani, haufiki kichwani.

Hogo livishe mfuko wa plastiki na uliinue pembeni, maji ya nywele hutiririka moja kwa moja kwenye bega.

Msusi_wa_Zamani
Na ukimaliza kila sehemu isokote uibane hapohapo. Ukiiacha wazi ukahamia nyingine, zitajifunga upya.