Viumbe wasio na sauti: tuwape lugha ya rangi, harufu au umeme?

Kalamu Tamu: Wakuu, nabuni viumbe wa hadithi wasio na nyuzi za sauti. Wanaishi kwenye maji ya tope, giza totoro. Nachagua kati ya rangi za ngozi kama ngisi, harufu kama sisimizi, au umeme. Ipi itawawezesha kutaniana, kudanganyana na kusimulia ya jana?

Binti Pwani: Rangi, bila kusita. Kuna aina ya dome, jamaa wa ngisi, huko Australia, dume akiwa katikati ya jike na dume mwenzake, ubavu wa upande wa jike unatongoza, ubavu wa pili anajifanya jike ili mpinzani asishtuke. Kauli mbili kwa mpigo mmoja! Ila kwenye hilo tope lako nani ataona?

Mzee wa Siafu: Harufu. Sisimizi akipata sukari anarudi akiacha harufu njiani, wenzake wanafuata na kuongeza yao. Sukari ikiisha hawaongezi, njia inafifia. Njeo umepata bure: kali ni sasa, hafifu ni zamani.

Kalamu Tamu: Na wawili wakigombana? Si matusi yote yatachanganyika majini?

Domodomo: Ndiyo maana nasema umeme. Samaki niliyechukua jina lake humu, wa Ziwa Victoria, hutoa mapigo madogo ya umeme, na tope halimzuii. Umbo la pigo linatambulisha aina ya samaki. Kinachobadilika haraka ni nafasi kati ya pigo na pigo, na ujumbe unapita humo. Sasa wape wako kila mmoja umbo lake: kila neno linakuja na jina la msemaji. Barua isiyo na jina haipo, umbea unakuwa kazi ya hatari.

Achieng: Mnahangaika bure, lugha kamili bila sauti tunayo. Lugha ya Alama ya Kenya ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge kwa Katiba ya 2010. Na wasioona wala kusikia husoma alama kwa kushika mikono ya msemaji. Giza si kisingizio.

Kalamu Tamu: Dada, nimewapa mapezi tu, mikono hawana!

Binti Pwani: Basi waseme kwa umeme, waandike kwa harufu kwenye mawe. Umeme wa samaki hawa haufiki mbali, wa mbali ataachiwa jiwe.

Mzee wa Siafu: Na mkondo wa maji ukipita juu ya jiwe?

Kalamu Tamu: Hapo ndipo mirathi inapogombaniwa. Sura ya tatu naianza leo.