Mzabibu mwaka wa nne, majani tele, zabibu hakuna

Mama Bustani: Habari za humu wapendwa. Nina mizabibu miwili uani. Mmoja ni wa pambo, umefunika ukuta wote na naupenda hivyo hivyo. Wa pili niliupanda kwa ajili ya matunda. Mwaka wa nne huu, majani yamejaa hadi kichanja hakionekani, lakini kishada sijakiona hata kimoja. Samadi naweka kila mwezi. Nimekosea wapi?

Mkasi Mkali: Pole dada. Kwanza pumzisha hiyo samadi, mzabibu ukishiba nitrojeni hukimbilia majani. Pili, unaupogoa?

Mama Bustani: Napunguza ncha tu. Naogopa kuuumiza.

Mkasi Mkali: Basi tatizo ni hapo. Zabibu hutoka kwenye chipukizi jipya linaloota juu ya tawi la msimu uliopita. Shina kuukuu likichipua, mara nyingi linatoa majani matupu. Subiri majani yapukutike, kisha kata bila huruma: asilimia 80 hadi 90 ya matawi ya mwaka huu yaondoke. Yanayobaki yaachie macho mawili au matatu, yaani vile vifundo vya tawi vinavyotoa chipukizi. Kuna aina ambazo macho ya chini hayazai, hizo huachiwa macho 8 hadi 12. Utomvu ukidondoka kwenye kidonda usishtuke, unakoma wenyewe.

Bibi Shamba: Mwanangu, naongezea jua. Jicho litakalozaa mwakani linajiumba mwaka huu, na likikaa gizani halibebi kishada. Punguza majani mwanga uingie. Na ule wa pambo usiudai matunda, kwani mizabibu mwitu mingine ni dume. Chungulia ua lake: ukiona vijiti vya chavua tu, katikati hakuna kijitumba cha kuwa tunda, huo ni dume.

Mama Bustani: Nimetoka kuangalia. Kweli ndani ni giza, matawi ni membamba, bado ya kijani, na majani yana kama vumbi jeupe linalofutika kwa kidole. Upande wa jua kuna tawi moja la kahawia, nene kama penseli.

Mkasi Mkali: Hilo la kahawia ndilo la kubakiza. Na hilo si vumbi, ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Toa yaliyoathirika, hewa ipite, halafu piga salfa asubuhi. Jua likiwa kali salfa huunguza majani.

Mama Bustani: Asanteni sana. Nimelifunga kitambaa chekundu nisije nikalikata.